Mashine Iliyoamka Adhuhuri

Walisema sitaiweza. Bi Tatu, jirani yetu aliyekuwa akiuza maandazi barazani kwake, ndiye aliyelisema hilo kwa sauti kuliko wote. "Huyu? Huyu aiwashe mashine ya Mzungu? Mkono wenyewe kama njiti ya kiberiti!" Wateja wake walicheka mpaka chai ikawapalia. Maneno, fundi baiskeli, alisema mashine ingenila vidole nikabaki kulishwa ugali kama kichanga. Hata mama yangu, Mungu amrehemu, alitikisa kichwa akaniambia nisiingie maji nisiyoyajua kina.

Leo nina diploma ya ufundi wa mitambo, niliyoifuata Uingereza huku baridi ikinitafuna masikio, na nina karakana yangu mwenyewe. Diploma nimeitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika mahali ambapo hakuna mteja anayeweza kulipa bila kuiona. Sijisifu. Nasema yaliyopo. Lakini kila anapoingia mtu na mashine ya kukata majani iliyomgomea, ile harufu ya petroli iliyochanganyika na majani mabichi ikanipanda puani, mimi si Bosi tena. Narudi kuwa Saidi wa Kinondoni, mwenye magoti ya vumbi, na moyo unaoungua kwa wivu.

Miaka ile Waingereza walikuwa bado wanatawala. Tulikaa Kinondoni katika nyumba ya udongo yenye paa la madebe, na Baba alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba moja ya Wazungu huko Oysterbay. Uwanja wa nyumba ile ulikuwa mpana hata ungeweza kuweka mtaa wetu mzima na bado Bi Tatu akabaki na nafasi ya kugombana na watu. Zamani ulikatwa kwa mafyekeo, wanaume wakijipanga mstari mmoja na kufyeka wakiimba. Kisha Bwana mwenye nyumba akaagiza mashine. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, ya kijani, ina magurudumu, ina visu vilivyojipinda kama mbavu za samaki, na juu yake injini ndogo yenye tangi la petroli. Wale wanaume wakaambiwa asante. Baba akabaki peke yake na mashine.

Baba aliipenda mashine ile kwa namna ambayo sikumbuki kama aliwahi kutupenda sisi. Akimaliza kazi alikwangua majani yaliyonata kwenye visu kwa kijiti, hakutaka chuma kiguse chuma. Kisha akavifuta visu kwa kitambaa chenye oili kwa sababu upepo wa chumvi wa pale huweza kula panga zima msimu mmoja. Bandani aliilaza juu ya mbao ili isiguse sakafu yenye unyevu, akaifunika gunia. Na kabla ya kuilaza alifunga bomba dogo la petroli injini ikiwa bado inanguruma, akaiacha inywe yote iliyobaki kwenye kabureta mpaka ife yenyewe kwa kiu. Bwana ndiye aliyemfundisha hivyo. Baba aliyarudia mambo hayo nyumbani wakati wa kula kama mtu anayesoma dua, nami niliyakariri yote. Mpaka leo mafundi wangu wakishindwa kuyafuata nawafukuza.

Ila kulikuwa na jambo moja Baba asiloliweza. Mashine iliwashwa kwa kamba. Ulizungusha kamba kwenye kigurudumu cha ubavuni, ukakita mguu, ukavuta kwa nguvu zako zote. Bega la kulia la Baba lilikuwa limeteguka zamani, alipokuwa akibeba magunia bandarini, na halikuvuta tena kitu. Alihitaji mkono wa mtu mwingine.

Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa na miaka kama kumi, nina mikono miwili mizima. Nilijua kabisa mkono huo utakuwa wangu. Nilianza hata kujizoeza kwa kamba ya kisimani.

Baba akatuma salamu kwao kusini, na baada ya muda akashuka kwenye lori kijana mmoja mrefu, mweusi wa kung'aa, amebeba mkeka na kuku mmoja. Alikuwa Mfaume, mtoto wa marehemu kaka yake Baba. Mama yake naye alikuwa amefariki. Alikuwa amechunga mbuzi tangu alipoweza kusimama, hakuwa ameingia darasani hata siku moja, na mikono yake ilikuwa mikono kweli. Siku ya kwanza tu alivuta kamba mara moja, mashine ikanguruma. Baba alirudi nyumbani usoni amejaa furaha akamwambia Mama, "Nimepata fundi."

Fundi! Mimi nilikuwa wa tatu darasani, hakuna aliyewahi kuniita hata mwanafunzi.

Ndugu zangu, wivu nimeuonja Dar es Salaam na nimeuonja ng'ambo, lakini wa utotoni ndio wenye pilipili. Mfaume alilala chumba kimoja na mimi, na kamba ya mashine aliitundika kwenye msumari juu ya kichwa chake kama mtu anayetundika saa ya dhahabu. Alipotoka kazini Mama alimtilia yeye maji ya kuoga kwanza. Alinuka petroli, na harufu ile niliiona kuwa ndiyo harufu ya utu uzima. Nikaitamani kiasi kwamba alasiri moja niliichukua chupa ya mafuta ya taa ya Mama, nikajipaka shingoni na kwenye shati, kisha nikapita mbele ya baraza la Bi Tatu kwa mwendo wa mtu aliyechoka na kazi.

"We Saidi," alikunja pua, "umeangukiwa na taa?"

Mama alinichapa kwa mwiko, kisha akanichapa tena kwa ajili ya mafuta.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba Mfaume alikuwa mwema. Angekuwa na kiburi ningemchukia kwa raha. Lakini yeye aliniita mdogo wangu, alinimegea nyama yake, na jioni nilipofungua madaftari yangu alipunguza utambi wa taa upande wake ili mimi nipate mwanga. Nilimlia nyama yake na kumchukia nikiwa nimeshiba.

Siku moja ya mapumziko nilimfuata Baba Oysterbay. Nilisimama pembeni nikaitazama mashine ikikata, Mfaume nyuma yake, mistari ya majani ikilala kama mkeka mpya, na kinywa changu kikasema chenyewe, "Haitadumu hiyo." Sikuwa na maana yoyote. Ulikuwa mdomo tu wa mtoto mwenye wivu. Lakini Mfaume alicheka, na jioni akalisimulia neno hilo mbele ya Bi Tatu kama kichekesho.

Juma lililofuata mashine ikagoma.

Ulikuwa mwezi wa kipupwe, zile asubuhi za Dar es Salaam ambapo watu hujitanda kanga mbili na kusema wanakufa kwa baridi. (Baridi hawaijui. Ningewapeleka nilikosoma.) Masika yalikuwa yamepita na majani yalikuwa yamesimama. Baba alikuwa na desturi ya kuanza kazi alfajiri, jua lisimkute katikati ya uwanja. Mfaume alivuta kamba. Kimya. Akavuta tena, akavuta mpaka viganja vikatoka malengelenge. Baba akafungua plagi, akaifuta, akaikwangua kwa msasa, akairudisha. Kimya. Akatazama petroli, ipo. Akatazama waya, haujakatika. Jua lilipofika utosini, Mfaume akavuta kwa kukata tamaa, na mashine ikanguruma kama haikuwahi kuugua.

Lakini adhuhuri haikuwafaa kitu. Memsahibu, mke wa Bwana, alilala baada ya chakula cha mchana, na amri ya nyumba ilikuwa hakuna kelele mpaka jioni. Wakaizima. Juma jingine ikawa vilevile: asubuhi imekufa, adhuhuri imefufuka. Majani yakafika kwenye vifundo vya miguu. Bwana mwenyewe alikuwa safarini bara, na Memsahibu alikuwa ameandaa karamu ya chai uwanjani siku ya Jumamosi, wageni wamekwisha alikwa. Akamwita Baba barazani akamwambia kwa upole kwamba kama majani hayatakuwa yamekatwa Jumamosi asubuhi, atamwita mtunza bustani wa nyumba ya pili aje na mashine yake, na huyo huyo atabaki.

Baba hakula siku ile. Habari zikafika kwa Bi Tatu kabla sahani hazijaoshwa.

"Baba Saidi," alisema akiwa amesimama mlangoni petu, amejifunga kanga iliyoandikwa Hasidi Hana Sababu, na sidhani kama aliichagua kwa bahati, "mashine haina ugonjwa. Mashine imetazamwa. Mwanao ana jicho. Si alisema mwenyewe haitadumu? Ikadumu?"

"Ni mtoto, Bi Tatu," alisema Mama.

"Nyoka naye huwa mtoto."

Mfaume alikuwa amekaa kwenye kinu. "Bi Tatu, mwacheni mdogo wangu. Yeye alitania tu."

Nilitamani anitetee mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye.

Baba alinigeukia. Hakuwa mtu wa ushirikina, lakini alikuwa mtu aliyekaribia kupoteza kazi. Akasema, "Kuanzia leo, Saidi, usitie mguu Oysterbay. Hata njia ya kwenda huko usiipite."

Nililia chooni ili wasinione. Nilikuwa nimekosa kamba, sasa nimepewa jicho. Watoto wa mtaani wakaanza kufunika vitumbua vyao nikipita.

Alhamisi asubuhi, kabla ya shule, Mama aliniita nijipake mafuta miguuni kwa kuwa nilikuwa mweupe kama niliyetembea kwenye unga. Nikachukua chupa ya mafuta ya nazi rafuni. Nikaigeuza, hayatoki. Yalikuwa yameganda, meupe, magumu kama samli.

"Yaweke juani, we mtoto," alisema Mama. "Kila kipupwe unaambiwa."

Nikaiweka juu ya ukuta wa ua, nikaenda shule na miguu yangu ya vumbi. Nilirudi jua limewaka, nikaikuta chupa pale pale, na ndani yake mafuta maangavu kama maji ya mvua.

Nilisimama nimeshika chupa ile mpaka ikaniunguza mkono. Asubuhi imekufa, adhuhuri imefufuka. Kisha nikakumbuka jambo jingine. Shati la Mfaume. Mimi nililijua shati lile kuliko aliyelivaa. Kwa wivu wangu nililinusa kila lilipoanikwa. Na siku za karibuni halikunuka petroli tupu. Lilikuwa na harufu ya jikoni, harufu iliyonitia njaa bila kujua kwa nini.

Nilimsubiri nyuma ya nyumba. Alikuja na viganja amevifunga vitambaa.

"Kaka, moshi wa mashine yenu siku hizi unanukia wali wa nazi."

Akaanza kuvifungua vile vitambaa.

"Ile oili mnayochanganya kwenye petroli, mnatia ipi?"

"Oili."

"Oili gani?"

Alitazama mlangoni, akatazama barabarani, akakaa chini kabisa kwenye mchanga, mtu mrefu vile. "Saidi, Baba mdogo akijua nitarudishwa."

Akanieleza. Injini ile haikuwa na mahali pake pa oili; oili ilichanganywa ndani ya petroli yenyewe. Mfaume alikuwa amelipiga teke kopo la oili bandani kwa bahati mbaya, ardhi ikainywa yote. Bwana hayupo, na kumwomba Memsahibu ni kujishtaki. Akakumbuka kwamba fundi cherehani wa sokoni analainisha cherehani yake kwa mafuta ya nazi. Akanunua chupa.

"Mafuta si mafuta?" alisema. "Cherehani inakunywa, taa inakunywa, kichwa kinakunywa. Nikajua na yenyewe itakunywa."

"Na bomba? Mnalifunga injini ife kwa kiu, kama Baba anavyosema?"

Hapo aliona haya kuliko mwanzo. Baba alimwachia yeye kazi ya kuilaza mashine, kwa kuwa wakati ule yeye huenda kuswali. Na Mfaume alishindwa kuiua. "Inakohoa, Saidi. Inakohoa kama mbuzi aliyenyimwa maji. Kwetu hakuna mnyama anayelazwa na njaa. Nikawa naizima ikiwa imeshiba."

Basi nikaelewa yote, na najivuna kusema niliyaelewa kabla sijajua neno moja la fizikia. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta juma zima ilipeperuka kwa joto, mafuta ya nazi yakabaki, nyingine ikashuka kutoka tangini, nayo ikapeperuka. Kikombe cha kabureta kilijaa mafuta, na alfajiri ya kipupwe mafuta yale yaliganda na kuziba kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli. Jua likipanda, kitundu kinafunguka. Hapakuwa na jicho la mtu.

Na hapo, ndugu msomaji, nilikuwa nimemshika Mfaume kwenye kiganja changu. Neno moja tu kwa Baba, na yule kijana angepanda lori la kusini na mkeka wake, msumari ukabaki na kamba, na kamba ikabaki na mimi. Nililiona neno lile. Nililionja ulimini.

Sikulisema. Msidhani ni kwa wema. Nilipiga hesabu ya mtoto mwenye wivu: nikimshtaki, watu watasema kosa limejulikana kwa sababu Mfaume amekiri. Sifa zitakuwa za kosa lake. Mimi nilitaka sifa za ufundi, zangu peke yangu, mbele ya Baba.

"Nitaitengeneza," nikasema. "Lakini Jumamosi kamba naivuta mimi."

Alinitazama mikono. Hakucheka. "Ivute," alisema.

Sikuwa na kitu hata kimoja cha kufanyia kazi. Nikaanza kukopa. Kwa Maneno, fundi baiskeli, niliomba spana na bisibisi. Aliniuliza nataka kufungua nini, nikamwambia, akapiga paja kwa kicheko. "Haya chukua. Ukikatika vidole usiniletee damu kwenye spana yangu." Kwa Mzee Kondo, dereva wa lori la mchanga, niliomba oili ya injini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Oili ya nini, mtoto wa kiume? Huna hata baiskeli."

"Ya mashine ya majani ya Oysterbay."

"Aa. Ile uliyoitia jicho." Lakini alinitilia kwenye chupa.

Nilihitaji pia bakuli la kuoshea vyuma, na Mama asingenipa lake. Nikaenda kwa Bi Tatu mwenyewe. Alishika kiuno. Nadhani alishangaa mwenye jicho kuja kuomba. "Chukua lile la bati," alisema mwishowe. "Nataka niione hiyo miujiza."

Ijumaa, Baba alipokwenda msikitini na Memsahibu alipokuwa amelala, nilipita njia niliyokatazwa, Mfaume mbele, mimi nyuma na vitu vyangu ndani ya mfuko wa shule. Bandani palikuwa na giza, ubaridi na harufu ya gunia. Tulimwaga petroli yote iliyokuwa tangini. Nikafunga bomba, nikafungua kile kikombe cha kabureta kwa spana ya Maneno, na ndani, kwa kuwa banda lile halikuingia jua, yalikuwepo bado: mafuta mazito, yenye ukungu mweupe, yameshika pembeni kama mabaki ya sufuria ya samli. Sijapata tena furaha kama ile, hata siku niliyopokea diploma.

Tuliosha kila kitu kwa petroli safi kwenye bakuli la Bi Tatu. Kile kitundu nilikizibua kwa unywele wa brashi ya viatu, nisije nikakipanua kwa waya, kisha nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Nilipokielekeza kwenye mwanga wa mlangoni nikaliona jua ndani yake, dogo kama mbegu ya ufuta. Plagi ilikuwa nyeusi na imelowa, nikaikwangua, nikaikausha. Mfaume alichanganya petroli na oili ya Mzee Kondo kama Baba alivyokuwa akifanya. Mabaki yote tuliyafuta kwa tambara moja, nalo likasahaulika juu ya mbao.

Jumamosi alfajiri, Baba alipofika bandani alinikuta nimekwisha tangulia. Uso wake ulibadilika. "Saidi! Nilikwambia nini?"

Mfaume alitoa kamba begani mwake akanipa. "Baba mdogo, mwache avute mara moja. Isipowaka mrudishe."

Sijui kama Baba angekubali, lakini alitazama majani yale marefu yenye umande, akatazama viganja vya Mfaume, akageuza uso. Nikazungusha kamba. Nikakita mguu. Nikavuta.

Ilikohoa. Mkono wangu, nakubali, ulikuwa njiti ya kiberiti. Nikazungusha tena, nikafumba macho, nikaning'inia kwenye ile kamba kwa uzito wangu wote. Mashine ikanguruma, kamba ikafyatuka ikanichapa sikio, nami nikaanguka chali kwenye majani yaliyolowa. Moshi ulikuwa wa petroli na oili tu. Nikalala pale chini nikisubiri kuitwa fundi.

Baba hakuniita chochote. Alilitwaa lile tambara juu ya mbao, akausugua ule weupe ulioganda kati ya vidole, akaunusa, akalikunja tambara akalitia mfukoni. "Nani kaifungua?"

"Mimi."

"Ilikuwa na nini?"

"Uchafu, Baba," nikasema.

"Uchafu," akarudia. Kisha akasema, "Mfaume, shika mashine, jua linapanda. Saidi, nenda nyumbani ukabadilishe nguo. Jumatatu shule." Na ile kamba, niliyoivuta mimi, akaiokota akampa Mfaume.

Uwanja ulikatwa, karamu ikafanyika, Baba akabaki na kazi yake. Mimi nilirudi Kinondoni sikio likiwaka na moyo ukiwaka zaidi. Nilikuwa nimeshinda, na bado kamba ilikuwa begani mwa mwenzangu.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa. Mwanamume aliyeoa Mzaramo kama mama yangu, mpishi wa nazi, hawezi kukosa kuijua harufu ya mafuta ya nazi. Baba alijua pale pale, tambara likiwa mkononi. Angelisema kwa sauti, ingembidi amrudishe yatima kusini, akaliweka mfukoni. Na kamba aliiona kwa macho mengine kuliko mimi. Kwangu ilikuwa taji. Kwake ilikuwa kazi ya mtu ambaye hakupata kwenda shule, na hakutaka niipende. Lakini hata hilo silo nililochelewa zaidi kulielewa.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kurudisha vya watu. Nilimwuliza Mfaume anataka nini kwa ile kamba aliyoniazima, maana sikutaka anidai. Alikuna kichwa. Akasema anataka avae shati langu la shule, jioni ile tu, twende naye.

Nikacheka. Akasubiri nimalize kucheka, nami nikampa.

Vifungo vilifika nusu ya safari. Mikono iliishia kwenye viwiko, mabega yakaujaza mgongo kama ngoma iliyowambwa. Tulianza kwa Maneno. Nikamrudishia spana na bisibisi nimezing'arisha kwa majivu, nikamwonyesha vidole vyangu kumi. Yeye alikuwa anamtazama Mfaume. "Ehe, na huyu mwanafunzi wa shule gani?" Mfaume akanyoosha shingo, akataja shule yangu kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake. Kwa Mzee Kondo tuliosha lori lote kufidia oili, na Mfaume aliosha kwa mkono mmoja, mwingine akishikilia shati lisichafuke. Bi Tatu alipokea bakuli lake, akalinusa, akanusa tena. "Nimelisugua kwa ndimu, Bi Tatu." "Hata ungelisugua kwa marashi, maandazi yangu ya kesho yatanukia Oysterbay!" Lakini alitupa maandazi mawili, la kwangu na la "mwalimu wako huyo."

Nami nilitembea nyuma nikaona wivu upya, kwa sababu hata likiwa halifungi, shati langu lilimpendeza kuliko mimi. Sikuona zaidi ya hapo. Nilikuwa mtu mzima, nimekaa peke yangu kwenye chumba cha baridi ng'ambo, nikipiga pasi shati langu la chuo, ndipo iliponijia kwamba muda wote nilipokuwa nikiitazama kamba juu ya kichwa chake, yeye alikuwa amelala upande wa pili anatazama shati kwenye msumari wangu. Yeye hakuwahi kumwambia mtu.

Tulipofika uani aliinama kupita chini ya kamba ya nguo, na mgongo wa shati ukapasuka kutoka shingoni mpaka kiunoni. Alilivua upesi, amelishika mbele yake kwa mikono yote miwili, anarudi nyuma kama mtoto, naye ni mtu aliyechunga mbuzi kwenye msitu wa simba. Mama alitoka jikoni na mwiko.

"Nani kalipasua shati la shule?"

Nilimnyang'anya Mfaume lile shati. "Mimi, Mama. Nimerukia ua."

Nikapokea mwiko wangu bila kukimbia, na jioni ile hakuna mtu Kinondoni aliyekuwa akinidai kitu.